Kitanda cha Mvule na Sura ya Mwalimu Mihayo

Mume wangu Nkwabi ni seremala, kwa hiyo kitanda chetu kilikuwa na miguu mitatu na matofali mawili. Vitanda vya miguu minne alivitengeneza kwa ajili ya watu. Nusu ya mtaa wetu wa Mkuyuni inalala raha kwa sababu ya mikono yake, na mimi nilishaizoea sauti ya tofali likisogea kila mmoja wetu akigeuka.

Si kwamba mbao hazikuwepo. Zilikuwepo sita, za mvule, nene na ndefu, zimeegemezwa ukutani kwenye karakana yake tangu mwaka tuliooana. Nilipewa na baba yangu, mzee Okwach, mvuvi wa kule Shirati. Alikuwa amezikausha miaka mitatu kwa ajili ya mtumbwi mpya, halafu nilipopata mchumba akaamua kwamba ule mtumbwi wa zamani unaweza kuzibwa tena. "Kalaleni pazuri," alituambia. Tukawa tunajiandaa kulala pazuri kwa miaka tisa.

Kila Jumapili baba akipiga simu, akishamaliza kumuulizia binti yetu Favour, huulizia na kitanda. "Kitanda hakijambo?" Nami hujibu, "Hakijambo, baba. Kizuri mno." Ulikuwa uongo mdogo tu, mara moja kwa wiki. Baba alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwa mila zetu mzee wa heshima zake haingii chumbani kwa binti aliyeolewa. Nilijua sitakamatwa.

Mwezi wa tatu Nkwabi akaona video kwenye simu. Mtu wa nchi za mbali, kavaa glavu safi, anaweka ubao chini ya mashine, mwanga wa bluu unapitapita, na simba anatokeza kwenye ubao na manyoya yake yote. Chini wameandika kwamba faida ni mara kumi. Nkwabi hakuuliza mara kumi ya nini. Aliuza randa yake ya umeme, ile iliyokuwa ikitulisha, akaagiza mashine ya leza kutoka Dar.

"Mama Favour, hii inachonga pande tatu," aliniambia siku ilipofika. "Unaipa picha, inakutolea sura ya mtu mpaka pua unaishika. Mambo ya randa yamepitwa na wakati."

"Na kitanda changu?"

"Kitanda kitakuja chenyewe, faida ikianza kuingia."

Mimi nauza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Faida naijua kwa sura. Huwa haiji na glavu. Lakini nilimwacha, kwa sababu mume wangu alikuwa amefurahi, na sikuwa nimemwona hivyo kwa muda mrefu.

Mashine yenyewe ilikuwa fremu ndogo unayoisimamisha juu ya ubao. Ilikuwa na miguu minne, yaani ilikishinda kitanda chetu kwa mguu mmoja. Ubao wa kujaribia, bila shaka, ukawa mvule wangu. Mbao laini zinaungua ovyo, alinieleza, na mvule hauna mafundo. Isitoshe, alikuwa ameshapata mteja: Mwalimu Mihayo wa Butimba, mstaafu, aliyetaka sura yake itundikwe sebuleni kabla wanawe hawajaisahau. Alileta picha nzuri. Shati jeupe, kicheko kikubwa, meno yote thelathini na mbili.

Kumbe ile mashine haijui mtu wala pua. Inajua rangi tu. Penye weusi inachimba chini, penye weupe inapaacha. Na Mwalimu Mihayo ni mweusi kama tulivyo sisi sote. Baada ya saa tisa za moshi uso wake wote ulikuwa shimo. Kilichotokeza ni meno, weupe wa macho na kola ya shati. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maranda. Halafu nikakumbuka ubao ni wa nani, kicheko kikakatika.

"Haya ndiyo majaribio," Nkwabi alisema kwa upole wa mtaalamu. "Nageuza tu, penye weusi pawe juu."

Akageuza. Uso ukatokeza sawasawa, meno yakazama. Mwalimu akawa kibogoyo mwenye matundu mawili mahali pa macho. Huo ukawa ubao wa pili. Kwenye wa tatu alibadilisha mambo ambayo hakuweza kunieleza, na umeme ukakatika mashine ikiwa imefika puani. Uliporudi, mashine haikukumbuka ilipoishia. Mwalimu akabaki na paji la uso na nyusi za kupendeza, na kuanzia pua kushuka chini ni ubao mtupu. Wakati wote huo umeme nanunua mimi, kwa dagaa.

Jumapili iliyofuata baba akapiga simu mapema kuliko kawaida yake.

"Roza, mama, naona!" Alikuwa anapiga kelele kama yuko ng'ambo ya ziwa. "Wamenitoa vile vitu machoni. Naona mpaka kucha zangu, chafu kweli! Na kaka yako Otuoma amenipa simu yenye picha. Sasa nipige picha kile kitanda unitumie. Nataka kuona mbao zangu. Jumapili ijayo, usisahau."

Nikasema ndiyo baba. Nilipokata simu nikaingia chooni nikalia. Yule mzee alitota kwenye mtumbwi unaovuja miaka tisa ili mimi nilale vizuri, na kitu cha kwanza alichotaka kukiona duniani ni kitanda ambacho hakipo.

Nikamfuata Nkwabi karakana, nikamwambia.

"Mwambie avumilie mwezi mmoja tu," alisema bila kuinua kichwa. "Nimeshakaribia. Shida ni huu weusi wa Mwalimu."

"Shida ni weusi wa Mwalimu?" Hasira ilinipanda. "Basi mpake unga! Mpake unga wa muhogo kichwa kizima uone kama mashine yako itamheshimu!"

Nilisema kwa kejeli. Yeye akasimama, akanitazama kama mtu aliyeoteshwa dawa.

Kesho yake narudi kutoka Mwaloni, namkuta Mwalimu Mihayo kwenye stuli katikati ya karakana, kapakwa unga kuanzia upara hadi shingoni, nyuma yake limetundikwa blanketi jeusi, na Nkwabi mbele yake anampiga picha kwa simu. Wapita njia wamesimama wanauliza hilo kundi la ngoma linacheza lini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama," alijibu bila kutikisa midomo, asije akamwaga unga. Ulikuwa unga wangu wa ugali.

Na ikakubali. Pua iliyokuwa mbele ndiyo ilikuwa nyeupe zaidi, mashavu yakafuata, masikio yakafifia nyuma kwenye blanketi. Ubao wa nne ulitoa Mwalimu Mihayo kamili, mpaka makunyanzi. Sitadanganya, ilikuwa kazi nzuri. Mwalimu alipapasa pua mbili, yake na ya mvule, akatokwa na machozi, akalipa laki moja na ishirini. Nkwabi akanipungia zile noti. "Unaona faida?"

Niliona. Ukitoa umeme, unga, mbao nne na randa, tulikuwa tumemlipa Mwalimu ili atuchukulie sura yake.

Jumanne Nkwabi akaondoka na picha ya kazi yake kwenye simu, akawa anashinda Kirumba akizungusha habari njema kwa wenye hoteli. Mimi nikavuka barabara, nikaenda kwa Mashimba, seremala ambaye karakana yake inatazamana na ya Nkwabi, na ambaye hana leza wala video.

"Shemeji, unanitafutia ugomvi," Mashimba alisema alipoelewa.

"Nakutafutia kazi. Mbao zipo tano, na kipande kilichobaki kwenye ile sura ya Mwalimu. Nataka kitanda kabla ya Jumapili."

Alizigeuza zile mbao, akamwona Mwalimu wa kwanza, akaruka nyuma. Akaniuliza kama sura azifiche kwa ndani. Nilifikiri kidogo, nikamwambia aziache nje. Kibogoyo akakaa kichwani, mwenye meno akakaa miguuni, nyusi zikaenda ubavuni kwa Nkwabi.

Ijumaa jioni Nkwabi aliingia chumbani akasimama mlangoni. Alizunguka kitanda, akatikisa nguzo moja moja, kitanda hakikulia. Mkono wake ukapita juu ya maungio mara mbili.

"Mama Favour," alisema taratibu, "umepeleka mbao zangu kwa fundi mwingine?"

"Mbao zangu. Na wewe sasa ni mtaalamu wa leza, baba Favour. Mimi nilikuwa natafuta seremala."

Usiku ule aligeuka na kugeuka, na hakuna tofali lililosogea.

Jumapili nikatandika shuka bora niliyonayo, nikatupia mito kumfunika kibogoyo, nikapiga picha, nikaituma Shirati. Simu ikaita kabla sijaiweka mezani. Nkwabi alikuwa pembeni yangu anakunywa chai, nikaweka sauti ya juu.

"Nimeziona!" Sauti ya baba ilikuwa inatetemeka. "Ni zenyewe, nimezitambua. Kitanda kizuri, mama. Miaka yote hii hukunidanganya."

Nikarudisha kikombe changu mezani.

"Ila Roza, huyo mzee asiye na uso, anayecheka pale miguuni, ni nani?"

Nilikuwa nimemsahau wa miguuni. Nkwabi akainamia kikombe chake.

"Huyo ndiye faida, baba," nilisema. "Ya mashine ya Nkwabi."

"Sawa," baba akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuingilia mambo ya ndoa ya watu. "Lakini maungio yamekaa vizuri. Mfikishie seremala shukrani zangu."

"Nitazifikisha, baba," nikajibu, huku namtazama mume wangu. "Niache nivae viatu kwanza, nivuke barabara."