Theluji kwenye Bakuli la Pramila

Bi Sheikha alikuwa akianika nguo kwenye roshani yake, ghorofa ya tisa, Tottenham, kiti cha chuma kilipokuja kutoka upande wa stesheni kikining'inia kwenye waya, na kusimama mbele ya mashati ya kazi ya mjukuu wake. Kilikuwa kiti cha watu wawili, cha aina ile inayowapandisha watu mlimani wakati wa baridi ili washuke wakiteleza kwenye theluji. Upande wa kushoto alikaa mwanamume mwenye koti jekundu. Alimwomba kwa adabu asogeze mashati, kwa sababu waya ulikuwa umetoka kupakwa grisi.

Bi Sheikha aliyasogeza. Kisha akamkaribisha chai, kwani mgeni ni mgeni, atokee mlangoni au kwingineko.

Mgeni aliitwa Anselm, na kazi yake ilikuwa kuendesha viti hivyo katika mji mdogo wa milimani, mbali huko Ulaya. Kiswahili chake kilikuwa cha Songea. Shangazi yake alikuwa mtawa muuguzi huko, naye alikulia mikononi mwake. Alieleza shida yake huku ameshika kikombe kwa mikono miwili. Wakati wa joto mji wao hauna watelezaji. Viti huachwa vizunguke vitupu ili mitambo isishike kutu, lakini waya usiobeba watu hulegea, na ukilegea hurefuka. Mwaka huu ulikuwa umerefuka mpaka London. Kwa hiyo walikuwa wakitafuta watu wa kukaa vitini, wakapumzike mjini kwao kidogo, waya upate uzito na kurudi katika hali yake. Chumba kipo, na mkate upo.

"Kinashuka mpaka chini?" aliuliza Bi Sheikha.

Anselm alichungulia. Chini kulikuwa na nyasi, mapipa ya taka na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele.

"Hapana, Bibi. Vituo vyake ni viwili tu. Hapa na mlimani."

"Basi hata nyinyi hamfiki chini," alisema Bi Sheikha. "Afadhali nyinyi mnakwenda, si kama lifti yetu."

Lifti ya jengo lao ilikuwa imekufa tangu majira ya baridi. Mlangoni pake palibandikwa karatasi ya kuomba radhi, ambayo wakati mwingine ilibadilishwa ikawekwa mpya yenye maneno yaleyale. Bi Sheikha alitoka Pemba akiwa msichana, na maisha yake ya kazi yote aliyamaliza kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwainua kutoka vitandani na kuwarudisha. Wazee wale walikuwa wamekufa siku nyingi, lakini uzito wao ulibaki kwenye magoti yake. Tangu lifti isimame alikuwa ameshuka mara moja, amebebwa na watu wa ambulansi.

Ghorofa ya chini kabisa alikaa shoga yake, Pramila, Mhindi wa Mombasa, mjane, ambaye moyo wake ulikuwa hauruhusiwi ngazi. Zamani walikunywa chai pamoja kila Ijumaa. Lifti ilipokufa, Pramila alikuwa akitoka nyasini na kikombe chake, Bi Sheikha anasimama roshanini na chake, wakazungumza kwa simu huku kila mmoja akimwona mwenzake mdogo kama kidole. Vyakula walipelekeana kwa kikapu na kamba, kama ilivyofanywa na wanawake wa magorofani kule Mji Mkongwe. Ndipo ofisi ya nyumba, ile inayosimamia jengo, iliposikia habari ya kamba. Walikuja siku ileile, wakaikata na kuichukua, kwa ajili ya usalama.

Kamba ilipokatwa, bakuli la chuma la Pramila lilikuwa juu. Lilipanda na chevdo, vile vitafunio vikavu vya Kihindi, vikaliwa, likaoshwa, likabaki kwenye kabati la Bi Sheikha. Zahra, mjukuu wake, aliyekuwa akifanya kazi uwanja wa ndege, alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba angeweza kulipeleka akienda kazini. Bi Sheikha alikataa. Chombo cha watu hakirudi kitupu, na hiki kilikuwa kirudi kwa mkono wake mwenyewe. Pramila alikuwa anahama. Ijumaa, mwanawe Dhiren angekuja na gari la mizigo kumchukua kwenda kukaa naye Leicester, na Bi Sheikha hakutaka kumuaga mtu wa ukubwa wa kidole.

Alimpigia simu kumwambia kwamba anakwenda milimani na atarudi siku hiyohiyo ya Ijumaa asubuhi.

"Ramesh aliniahidi milima tangu arusi," alisema Pramila. Ramesh alikuwa marehemu mumewe. "Kila mwaka alisema mwaka kesho. Mwisho akaenda juu peke yake, mjanja yule."

"Nikuletee nini?"

"Theluji, Sheikha. Lakini ya kweli. Hii ya Tottenham hufika imeshachoka."

"Nitakuletea. Kwenye bakuli lako, mkononi mwako."

Aliahidi hivyo akijua kabisa kiti kinaishia wapi.

Akafunga mkoba: mswala, kanga mbili, dawa zake, bakuli. Anselm alimshushia chuma cha kuzuia mtu asianguke, akamuuliza kama yuko sawa, na kiti kikaondoka. Kilipita juu ya soko na paa la kanisa la Wanigeria, ambako kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, kikaacha mabasi nyuma. Juu ya bahari kulikuwa na upepo, naye akajifunga kanga ya pili kichwani.

Mji ule ulikuwa umelala kama duka siku ya Idi. Hoteli zilikuwa zimefunga madirisha. Mbao za kutelezea zilisimama madukani kwa bei ya nusu na hakuna aliyeziangalia. Miteremko ilikuwa ya nyasi tupu na ng'ombe wenye kengele, na juu yao viti vilipita kimyakimya bila mtu. Bi Sheikha aliuliza kibla. Anselm alimwonyesha, pembeni kidogo mwa mnara wa kanisa. Alikuwa ameshapima, alisema, kwa ajili ya wageni.

Asubuhi aligundua kwamba magoti hayaumi. Alikwenda hadi mtoni na kurudi, kisha akaenda tena kuhakikisha. Anselm hakuona ajabu. Viti vile, alisema, vimezoea kubeba watu, na vingine huendelea kumbeba mtu hata akishashuka. Wakala mkate kwenye benchi. Jibini Bi Sheikha aliuliza imetengenezwaje kabla ya kuigusa, akajibiwa kwa urefu, akaila.

Jioni hiyo Anselm alimpeleka nyuma ya gereji ya mitambo ya theluji. Palikuwa na kilima kilichofunikwa unga wa mbao. Chini yake ndimo mji ulimohifadhi theluji ya mwaka uliopita, ili ya mwaka huu ikichelewa, watelezaji wasikose pa kuanzia. Anselm alifukua kwa mkono. Ilikuwa nyeupe na ngumu, na haikuwa na haraka.

Alhamisi Zahra alipiga simu. Watu wawili wa ofisi ya nyumba walikuwa wamefika. Walikuwa wameambiwa kuna waya kwenye roshani, wakapanda ngazi zote kwa miguu, wakafika wakihema, na mmoja akaomba maji. Zahra alimpa maji akamuuliza habari za lifti. Alijibiwa kwamba lifti ni idara nyingine. Waya ungeondolewa kesho adhuhuri, kwa ajili ya usalama.

Bi Sheikha alimweleza Anselm. Anselm alifikiri, akasema kwamba watu kama hao hata kwao wapo. Kisha akamwambia mambo yalivyo. Akirudi London kesho, kiti kitamwacha na hakitaweza kuja tena. Asiporudi, chumba ni chake mpaka theluji ya kwanza, na Zahra, ambaye yuko uwanja wa ndege kila siku, anaweza kuja kumchukua kwa ndege.

"Na magoti?"

"Yatabaki hapa, Bibi. Mazuri haya. Yale mengine yako kule yanakusubiri."

Bi Sheikha alitazama mteremko. Ng'ombe mmoja alikuwa akijikuna kwenye nguzo ya kiti kwa raha sana. Alikaa hivyo mpaka chai yake ikapoa, akainywa ikiwa imepoa, akaomba aazimwe sepetu.

Walijaza bakuli theluji na kuishindilia. Walifunga mfuniko, wakaliweka bakuli ndani ya ndoo, wakalizungushia unga wa mbao, na juu Bi Sheikha akafunga kanga yake. Ijumaa Bi Sheikha na Anselm walifika roshanini na kuwakuta wale watu wawili wa ofisi tayari wamesimama sebuleni na mkasi mkubwa. Walimsubiri ashuke. Anselm alimshukuru kwa uzito wake, akarudi alikotoka na kiti chenye nafasi moja tupu.

Magoti ya zamani yalimpokea alipokanyaga sakafu. Akayasalimu, akatoka na ndoo mpaka kwenye ngazi. Zahra alikuwa amewafungulia mlango wale watu, akaenda kazini. Kati ya wale wawili, mwenye umri mdogo alisema angependa kumsaidia, lakini hawakuruhusiwa kubeba vitu vya wapangaji. Alisema kwa masikitiko ya kweli.

Alishuka mguu mmoja kwanza, kisha wa pili kando yake, kisha ndoo, akimtaja Mungu kila kidato. Nusu ya safari alikaa. Mama wa Kikongo wa ghorofa ya nne alimtolea kigoda na kutaka kuibeba ile ndoo, na Bi Sheikha akakubali kigoda tu. Alipofika chini aliegemea ukuta, akahamishia ndoo mkono wa pili, akatoka nje.

Dhiren alikuwa ameshapakia kila kitu isipokuwa mamake na kiti alichokalia. Pramila alikuwa nyasini, mbele ya mlango wake mtupu, naye akiwa wa ukubwa wake kamili. Alikuwa mfupi kuliko Bi Sheikha alivyomkumbuka.

"Umenenepa," alisema Pramila.

"Nimekuja na mzigo. Fungua."

Pramila alifungua kanga, akachimba unga wa mbao, akatoa bakuli lake na kuondoa mfuniko. Pembeni theluji ilikuwa imeyeyuka kidogo. Katikati ilikuwa imesimama. Alitia kidole ndani, akakiacha humo kwa muda mrefu. Halafu akamwamuru Dhiren afungue sanduku la jikoni, lile lililopakiwa mwanzo kabisa. Dhiren aliguna, akapanda garini, akarudi na chupa ya sharbati ya waridi na vijiko viwili. Waliimiminia theluji sharbati ikawa nyekundu, wakaila bakuli moja, kama walivyokula barafu za rangi utotoni, mmoja Mombasa na mwingine Chake Chake. Juu yao waya ulikuwa ukikunjwa kidogokidogo.

"Ramesh angeharibu tu safari yenyewe," alisema Pramila. "Alikuwa hapendi baridi."

Gari lilipoondoka, Pramila alikuwa na bakuli mapajani, na mkononi mwa Bi Sheikha alikuwa ameacha mfuko wa chevdo. Bi Sheikha aliwapungia mpaka wakapinda kona ya kituo cha basi. Kisha akaenda kwenye lifti na, kwa mazoea, akabonyeza kitufe. Karatasi ya kuomba radhi ilikuwa mpya. Akashika chuma cha ngazi, akaanza kupanda.

Zahra, akirudi kutoka kazini, alimkuta ghorofa ya pili, amekaa kwenye kidato akila chevdo, kucha zake nyekundu kwa sharbati. Aliuliza kwa Kiingereza ampigie nani simu. Bi Sheikha alisogea kumpa nafasi.

"Kaa kwanza ule. Hatuna haraka."

Zahra alikaa, akavua viatu vya kazi. Kisha akauliza, safari hii kwa Kiswahili, polepole, iwapo theluji iliyeyuka njiani.

"Ilifika," alisema Bi Sheikha.