Tangi la Kushonwa

Fundi makenika alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo, hasa mbele ya dada yake mkubwa, lakini siku ile kicheko kilimshinda nguvu.

"Dada, tangi la petroli linashonwa? Tangu lini?"

"Tangu leo," dada yake alimjibu, akaendelea kupima kitambaa.

Tuwe wakweli, swali lenyewe halikuwa la kipuuzi. Dada mtu alikuwa fundi maturubai. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akishona vifuniko vya malori kwenye chumba kirefu chenye cherehani mbili nzito na harufu ya nta. Ni kazi safi, ila haitazamwi na mtu. Turubai likizuia mvua, watu wanasifu lori. Likivuja, ndipo wanamkumbuka mshonaji, tena kwa matusi. Jambo hilo lilimkera kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alitaka, kabla macho hayajamchoka, atengeneze japo kitu kimoja ambacho watu wakikiona watauliza ni mkono wa nani huu.

Nafasi hiyo ililetwa na kanuni za mashindano. Gereji ya mdogo wake ilikuwa na gari moja la mbio, lile la kiti kimoja, ambalo magurudumu yake yote manne yako nje wala hayafunikwi na kitu. Dereva alikuwa binti wa huyo huyo fundi makenika, msichana mwembamba aliyebandikwa jina la Sisimizi tangu utotoni na likamganda. Sasa, tangi la gari kama hilo si debe la bati. Ni mfuko wa kitambaa kizito chenye mpira ndani na nje, unaokaa kwenye sanduku la alumini nyuma ya mgongo wa dereva, ili gari likigonga ukuta mfuko ujikunje badala ya kupasuka. Kanuni zinasema mfuko ukitimiza miaka mitano unatupwa, hata kama bado unang'aa. Wa kwao ulikuwa umeitimiza. Mwingine wa kuagizwa ungefika msimu ukiwa umeshakwisha.

"Nileteeni hicho kitabu cha kanuni," alisema fundi maturubai.

Aliusoma ukurasa wa matangi mara tatu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Masharti yalikuwa machache na makali. Tangi lote, pamoja na shingo yake ya kujazia, lisizidi lita arobaini. Ndani lijazwe sifongo, petroli isije ikarushwa huku na huko kwenye kona. Hakuna kuongeza mafuta mbio zikishaanza. Na mwishoni, kwa wino mzito: tangi likizidi, matokeo ya gari yanafutwa, na aliyelitengeneza anafungiwa misimu miwili.

"Huyu aliyeandika ni mtu wa maana," alisema. "Amemkumbuka mtengenezaji."

"Amemkumbuka ili amfungie," mdogo wake akamwambia.

"Si haba. Kwenye malori hata kufungiwa sifungiwi."

Basi akaingia kazini. Kabla ya kukata chochote, alitumbukiza vipande sita vya kitambaa kwenye chupa za petroli, akavipanga kivulini nyuma ya chumba chake. Kila asubuhi alivitoa, akavipima kwa utepe, akaandika. Wiki ya pili alishagundua jambo ambalo halikuwemo kitabuni. Kitambaa kile kikilewa petroli kinatanuka. Si sana, ila mfuko mzima ukitanuka hivyo, nafasi yake inaongezeka zaidi kidogo ya nusu lita. Akapiga hesabu, akaufuta mchoro wake wa kwanza, akakata mfuko mdogo kidogo. Ukiwa mkavu ungebeba lita thelathini na tisa na robo tu. Ukishalewa, thelathini na tisa na mililita mia nane, pamoja na shingo.

Mdogo wake aliposikia alipandwa na jazba.

"Kanuni inatupa arobaini! Nusu lita, robo lita, ndiyo mzunguko wa mwisho huo! Dada, wewe una mkono wa birika."

"Kitambaa hicho leo si kile cha mwezi ujao. Unataka nishone arobaini kamili, halafu lijitanue lenyewe hadi juu ya mstari?"

"Ongeza kidogo basi. Kidogo tu."

"Mgongo wa mtoto wetu unaliegemea hilo tangi," alisema, na sauti yake haikupanda hata chembe. "Sishoni kidogo tu. Nashona sawasawa."

Aliushona kwa nyuzi mbili, akapaka gundi juu ya kila mshono, akaubana kwa pasi nzito mpaka mshono na kitambaa vikawa kitu kimoja. Shingo aliitoa kwenye kona ya ubavuni, akaipandisha juu. Kisha akaufungia ndani ya sanduku, mfuniko wa alumini ukakazwa kwa boliti kumi na mbili. Sisimizi alikuja, akapitisha kidole kwenye mishono taratibu, kona kwa kona.

"Shangazi, hili nitaliegemea bila wasiwasi," alisema.

Fundi maturubai akajifanya anatafuta mkasi, maana machozi yalikuwa yameshafika mahali pake.

Siku ya mashindano alisimama nyuma ya uzio, mikono kifuani, wala hakupiga kelele na wenzake. Wengine walilitazama gari. Yeye alikuwa akihesabu petroli. Mizunguko ilikuwa thelathini. Kufika wa ishirini na nane, Sisimizi alianza kuachia pedali ya mafuta mapema kabla ya kila kona, gari likiteleza kwa kasi yake lenyewe, kisha analiamsha tena kwa upole. Alikuwa wa nne. Gari lililokuwa mbele yake likaanza kukohoa, likakohoa tena, na likazimika mbele ya kona ya mwisho. Sisimizi akapita. Wa tatu! Gereji ile haikuwahi kumaliza hata wa saba. Mdogo wake alirukaruka mpaka kofia ikamdondoka, na dada yake, ambaye hakuwa mtu wa kurukaruka, alijikuta ameshika uzio kwa nguvu mpaka viganja vikamuuma.

Lakini magari matatu ya kwanza huwa hayaondoki hivi hivi. Yalisukumwa hadi banda la ukaguzi, chumba cheupe chenye ndoo za mchanga, mitungi ya kuzimia moto na meza ndefu ya chuma. Mkaguzi alikuwa mzee mwenye ovaroli iliyopigwa pasi, mtu wa maneno ya kuhesabu. Magari mawili yakapita. Likaja la Sisimizi. Mkaguzi alifungua boliti zote kumi na mbili, akaweka mfuniko mezani, akasoma muhuri wa tarehe kwenye mfuko, akaikagua mishono kwa tochi. Alikaa sana kwenye mishono. Kisha akanyonya petroli yote iliyobaki, akaanza kumimina ya kwake kupitia shingo, kopo la lita moja baada ya jingine, na mwisho kwa chupa ya kioo yenye mistari.

Petroli ilipofika kwenye mdomo wa shingo, alisimama.

"Arobaini na mililita mia moja na hamsini," alisema.

Sisimizi, kofia ngumu ikiwa kwapani, alimtazama baba yake. Mkaguzi akavuta fomu, akaisoma kwa sauti, kama inavyotakiwa kabla ya kumfungia mtu.

"Mtengenezaji wa tangi: gereji."

Fundi maturubai alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Akamgeukia mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anachunguza viatu vyake, kisha akamsogelea na kumnong'oneza.

"Nyamaza, dada. Karatasi inasema gereji. Wakifungia, watafungia gereji. Wewe huguswi."

"Fomu hii uliijaza lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa tangi lilikuwa halijapimwa. Ulikuwa unanikinga na nini?"

"Niliona aibu," alisema. "Niliogopa watatucheka, kwamba tangi letu limetoka kwa mshona maturubai."

Jamani, yapo maneno yanayouma kuliko kufungiwa. Yalimuuma, na hatutaficha. Angeweza kukaa kimya pale pale, karatasi ikambebea mzigo, akarudi kwenye malori yake salama. Zaidi ya ndugu zake, hakuna mtu bandani aliyemjua. Lakini alipoitazama ile mishono iliyokaguliwa kwa tochi, mistari miwili miwili, imenyooka kona hadi kona, aliona kwamba kuikana kungemuuma zaidi. Akapiga moyo konde, akasogea mbele.

"Mkaguzi, fomu hiyo imejazwa vibaya. Tangi hili nimeshona mimi."

Mkaguzi alimtazama kutoka kilemba hadi viatu. "Mama, umesikia kwamba limezidi? Nikiandika jina lako, wewe ndiye unayefungiwa."

"Nimesikia. Liandike. Ila halizidi."

"Chupa zangu zina muhuri."

"Sina ugomvi na chupa zako."

Wakati anasema hayo hakuwa na jibu lolote kichwani. Alikuwa na mikono yake tu, iliyoupima mfuko ule mara zisizo na idadi. Aliomba ruhusa ya kusogea karibu, akapewa. Akainama juu ya sanduku, akautazama mfuko jinsi anavyolitazama turubai lililotandazwa juu ya mzigo. Na hapo akaona. Mfuko ulikuwa umevimba kwa juu, umepita kingo za sanduku na kutuna katikati kama mto wa kulalia.

"Mfuniko wake uko wapi?" aliuliza.

"Ule mezani."

"Kanuni inasema lipimwe likiwa katika hali gani?"

Mkaguzi hakuwa mtu wa kufundishwa kazi yake, na uso wake ulisema hivyo. Hata hivyo alifungua kitabu, akapitisha kidole. "Katika hali liliyoshindania," alisoma.

"Na lilishindana likiwa wazi?"

Mkaguzi alitazama mfuko, akatazama mfuniko, akatazama tena mfuko. Kwa heshima yake na tuseme hivi: wapo wenye vyeo ambao wangekufa kabla ya kukubali. Yeye alichukua mfuniko.

"Hapana," alisema. "Hapa nimekosea mimi. Tangi la bati halijali mfuniko. Huu ni mfuko. Shika upande ule, mama."

Wakauweka. Mkaguzi akashika chupa tupu chini ya mdomo wa shingo, na fundi maturubai akashika spana. Alikaza boliti ya kwanza, akaruka kwenye iliyo mkabala nayo, ili mfuniko ushuke sawasawa. Kwenye boliti ya tatu petroli ilipanda shingoni, ikatetemeka, ikaanza kudondokea chupani tone kwa tone. Kwenye ya saba ikawa mchirizi. Alipomaliza ya kumi na mbili, ikakatika. Mkaguzi aliinua chupa hadi usawa wa macho yake, akaisoma, akaizungusha, akaisoma tena.

"Mililita mia tatu na hamsini zimerudi," alisema. "Limebaki na thelathini na tisa, mia nane. Tangi ni halali."

Sisimizi alipiga yowe lililowashtua mpaka waliokuwa nje, akamkumbatia shangazi yake na ovaroli yake yote ya jasho. Fundi maturubai akaweka spana mezani. Alikuwa amejaa fahari mpaka shingoni, na hakuona sababu ya kuificha. Nambari ile aliitaja mwenyewe wiki tano nyuma, kwenye chumba chenye harufu ya nta, kwa utepe wa kupimia na chupa sita. Haikuwa imeongezeka wala kupungua.

Watu wa gereji nyingine walikuwa wamejazana mlangoni. Mdogo wake alisimama katikati yao, macho mekundu. Hakuomba msamaha kwa maneno marefu. Alichukua fomu kutoka mezani, akalikata neno "gereji" kwa mstari mmoja mnene, akampa mkaguzi karatasi kwa mikono miwili.

"Andika dada yangu," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka nje.

Mkaguzi akaandika jina. Kisha kalamu ikasimama kwenye nafasi iliyofuata. "Na kazi yake?"

"Mtaalamu wa matangi ya mbio," mdogo wake akawahi kujibu, na kifua kikamtanuka kwa jinsi alivyodhani amempamba.

"Wewe nyamaza," dada yake alisema. Akakaza kilemba, akaweka mikono miwili juu ya meza ya chuma, iliyokuwa bado na harufu ya petroli, na akatamka pole pole ili mzee asikosee hata herufi moja. "Andika: fundi maturubai."