Nusu ya Korosho

Mwaka ule wa vita vya Kagera, duka la ushirika la Gongo la Mboto lilipata kanga za aina moja tu, zenye korosho nyekundu kwenye pindo na jina lisemalo WAMBEA MTACHOKA. Mtaa mzima ukavaa sare, wambea wenyewe wakiwamo. Eufrazia naye alipanga foleni akapata doti yake, ila mkasi wake ulikuwa butu. Alipokuwa akitenganisha vipande viwili, ukateleza ukaingia kwenye pindo na kukata korosho moja katikati.

"Mama, umekula pindo!" Albano, mwanawe, alicheka. Siku hiyohiyo alikuwa anakwenda vitani.

"Cheka tu. Chukua hicho kilicholiwa ufungie vitu vyako. Ngoja kwanza nikikunje ukingo nishone, kisije kikafumuka."

"Nikirudi utakipinda, mama. Gari haliningoji."

Kipande kilichobaki Eufrazia alikipinda, akawa anambebea mgongoni mjukuu wake, mtoto wa Albano.

Vita vikaisha. Askari wakaanza kurudi kambini hapo Gongo la Mboto, na Eufrazia akawa habanduki mlangoni. Ndipo akaja Anselmo, aliyeondoka pamoja na Albano. Akatoa shikamoo, akaketi mkekani, akaweka kanga mbele ya Eufrazia.

"Mama, Albano hatunaye tena. Tulimzika kulekule. Mie ndo nimeleta hii."

"Si yake," Eufrazia alisema upesi. "Kanga hii kila mwanamke hapa anayo. Umechanganya, mwanangu. Rudi ukaulize."

Genoveva, mke wa Albano, ndiye aliyeikunjua kanga. Ukingo ulikuwa umefumuka nyuzi, na korosho ya mwisho ilikuwa nusu.

"Mama, nipe mtoto," Genoveva alisema, akikitazama kipande cha pili alichofungiwa mtoto mgongoni.

"Simfungui. Amelala."

Eufrazia alijua alichokishona kwa mkono wake mwenyewe. Genoveva akamshusha mtoto taratibu, akakata kwa meno uzi wa pindo la kanga aliyobebewa. Ndani ya mshono ikatokea nusu ya pili, nyekundu bado, haijapauka. Wakalaza vipande mkekani, ukingo kwa ukingo. Korosho ikatimia.

Genoveva akaangua kilio. Mtoto naye akaamka akalia. Eufrazia peke yake hakulia. Aliivuta kanga ya mwanawe mapajani, akaanza kuukunja ukingo ule uliofumuka.

"Nipeni sindano," alisema. "Aliniambia akirudi niipinde."