Afande Anapoomba Maji

Mtaani pale Gongo la Mboto hakuna aliyewasaidia watu kama Afande Kasimiri, na hakuna aliyeogopwa kama yeye. Alishastaafu upolisi, lakini nani alimwacha apumzike? Vibaka wakizidi, aitwe Afande. Mke na mume wakirushiana sufuria, aitwe Afande. Kila siku ya shule alisimama Barabara ya Pugu, amevaa kizibao chake cha kung'aa, akiwavusha wanafunzi bila kulipwa hata senti. Na mtu akifia mbali, yeye ndiye aliyetumwa kuwaambia wenyewe, maana kazi hiyo aliifanya tangu yuko kituoni na wengine wote waliikimbia.

Alikuwa na namna yake. Alibisha hodi, akasalimia, akaomba maji ya kunywa. Mwenyeji akienda kuyachota, Afande alivuta kiti akakiegemeza ukutani. Mtu akirudi na kikombe aliketishwa, akaambiwa taratibu, kisha yale maji akanyweshwa yeye mwenyewe. Ustaarabu mtupu. Ubaya ni kwamba mtaa mzima uliujua, na tangu ulipoujua Afande hakuthubutu tena kuomba maji kwa mtu bila msiba. Hata harusini alikwenda na chupa yake ya plastiki. Akipita uchochoroni, akina mama walikata soga mpaka apotee. Inauma, mtu kuwatumikia watu vile halafu wakamtazama vile.

Aliyemwogopa kuliko wote ni Margareta, mjane kutoka Masasi. Ni Afande aliyemletea habari za mumewe, aliyeangukiwa na ukuta kwenye ujenzi huko Mbezi Beach. Siku ile Margareta alimuuliza, "Kuna nini, Afande?" Naye akajibu, "Hakuna kitu, mama. Ni kiu tu." Akamchotea kwa moyo mweupe. Tangu hapo kila alipomimina maji kikombeni alisikia mtu akibisha hodi nyuma yake, na akigeuka hakuna mtu.

Sasa amebaki na Sebastian, mwanawe wa pekee, dereva wa malori ya Tunduma. Mchana mmoja wa Januari, jua likichoma kweli kweli, Margareta alikuwa amempigia simu tangu asubuhi na kila mara anaambiwa namba haipatikani. Alikuwa uani akipepeta mchele aliposikia hodi.

Afande Kasimiri alisimama getini, jasho limemlowesha, mkono umeng'ang'ania nguzo.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, Mama Seba. Naomba maji ya kunywa."

Ungo ukamponyoka, mchele ukatapakaa chini.

"Maji ya nini?"

"Ni kiu tu, mama."

Hapo ndipo alipokosea, masikini. Angesema neno lingine lolote.

"Ndivyo unavyosemaga!" Margareta alipiga kelele. "Siku ile nilikuchotea, nikarudi nikawa mjane. Leo sichoti! Nisipochota hutasema, na usiposema mwanangu yuko hai."

"Sikuja na neno, mama. Mie mwenyewe ndiye..."

Hakumsubiri amalize. Alikimbilia ndani akakomea mlango, akauegemea kwa mgongo. Kupitia mbao alimsikia akihema. Kisha akasikia kiti cha plastiki kikikwaruza sakafu ya baraza, kinavutwa kuelekea ukutani. Sauti hiyo hakuwa ameisahau. Basi ni kweli, aliwaza, Seba wangu amekufa. Akaziba masikio, akateleza mpaka chini, akalia bila kutoa sauti. Hakujua amekaa pale muda gani mpaka simu ilipoita.

"Mama! Chaji iliisha. Niko kwenye foleni ya mpakani huku, mbona umepiga hivyo?"

Margareta alicheka huku machozi yanamtiririka. Akamwambia mwanawe amshukuru Mungu, akakata simu, akajaza jagi kubwa kutoka kwenye mtungi, akachukua na kikombe. Akafungua mlango, tayari kumwomba radhi mzee wa watu.

Afande alikuwa amekaa kwenye kile kiti, kichwa kimeegemea ukuta, macho nusu wazi. Chupa yake ilikuwa mapajani, tupu. Baadaye watoto walisema maji yake alimwoshea mwenzao aliyechubuka goti barabarani.

"Afande. Maji haya, Afande."

Alimwekea kikombe mdomoni. Maji yakamchuruzika kidevuni, yakaingia kwenye kizibao.

Majirani wakajaa. Mmoja akasema lazima mkewe, Mama Fransis, aambiwe kabla hajasikia kelele, na wote wakamgeukia Afande, maana wa kutumwa kazi hiyo ndiye huyo aliyekaa ukutani. Margareta akafunga kanga yake vizuri.

"Nitakwenda mie," akasema.

Njia nzima alipanga maneno. Ataanza na pole. Atamshika mkono. Atamwambia ukweli wote, hata ule wa mlango. Lakini alipomkuta Mama Fransis uani kwake akianua shati la mumewe, maneno yote yalimkimbia.

"Karibu, Mama Seba. Mbona unahema hivyo?"

Margareta alifungua mdomo, na mdomo ulikuwa mkavu kabisa.

"Naomba maji ya kunywa," akasema.

Mama Fransis hakwenda kuchota. Alilibana lile shati kifuani kwa mikono miwili.

"Una kiu tu," akasema. "Eti, Mama Seba? Niambie ni kiu tu."

Margareta akavuta kiti, akakiegemeza ukutani.