Sufuria ya Jikoni kwa Bi Penseli

Bi Penseli alipotimiza miaka themanini na miwili, chuo kilikumbuka kwamba bado yu hai. Aliyekumbuka ni Mkuu wa Chuo, ambaye alikuwa akitafuta jina la kuupa ukumbi mpya wa maonyesho na alikuwa ameshashauriwa kwamba jina lake mwenyewe halitapendeza. Ikaundwa kamati. Mimi, mkuu wa idara ya sanaa, nikafanywa mwenyekiti, kwa sababu Bi Penseli ndiye aliyenifundisha kuchora, na kwa sababu sikuhudhuria kikao kilichonichagua.

Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa ajili ya penseli aliyoichomeka kwenye nywele. Kwa kweli zilikuwa mbili: moja ya kuchorea, nyingine ya kutuonyeshea makosa. Nilisoma kwake miaka minne na sikumbuki kusifiwa. Mwenzetu mmoja aliwahi kuambiwa kwamba mti wake unakaribia kuwa mti, tukamfanyia karamu. Siku niliyohitimu, wa kwanza darasani, Bi Penseli alinipa mkono, akanikumbusha kwamba nilikuwa bado na ubao wake wa kuchanganyia rangi.

Kamati iliamua tumtunze kwa maonyesho ya kazi zake. Pikapu ikatumwa nyumbani kwake, ambako aliishi na mdogo wake, mjane mwenye sauti ya kengele, aliyekuwa na miaka mingi akiomba chumba cha stoo kiondolewe picha ili aweke cherehani yake. Aliposikia chuo kimekuja kuzichukua, hakuuliza mara mbili. Alitoa zilizokuwa stoo, akatoa zilizokuwa chini ya kitanda, na alipoona pikapu bado ina nafasi, akang'oa na ile iliyokuwa ukutani jikoni. Bi Penseli mwenyewe alikuwa kliniki ya macho.

Mchana nilizikuta ukumbini, arobaini na moja, zimeegemezwa ukutani. Nyingi zilikuwa za watu: fundi viatu, karani wa posta, mkunga aliyevua viatu. Wote walikuwa wamenuna, kwa sababu Bi Penseli aliwakalisha saa nyingi bila kuwasemesha. Ya mwisho ilikuwa ya sufuria. Sufuria imelowekwa kwenye karo, maji yamefika nusu, ukoko umeanza kuachia upande mmoja.

Niliitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwezi wa kwanza chuoni. Sisi tuliotoka mbali tulikuwa tukila kwake Jumamosi, na siku hiyo zamu ya kuosha vyombo ilikuwa yangu. Niliichora sufuria ili nisiioshe. Bi Penseli aliitazama picha, kisha akaniambia nioshe sufuria. Nikaosha. Picha niliiacha mezani, na miaka yote hiyo nilidhani iliishia kufunikia ndoo.

Sasa ilikuwa na fremu ya mbao nyeusi na kioo. Kati ya picha zote arobaini na moja, hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa na fremu.

Mkuu wa Chuo alipita mbele ya picha zote, mikono nyuma, akasimama hapo. Akasema hiyo ndiyo itakayokaa kwenye kadi za mwaliko, maana haina mtu aliyenuna, na ndipo unapouona mkono wa bingwa.

Nilifungua mdomo, kisha nikaufunga. Sitajitetea. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita sijagusa brashi. Kazi yangu ilikuwa kuandika ripoti kuhusu watu wanaogusa brashi. Nusu ya kimya changu ilikuwa aibu. Nusu ya pili ilikuwa utamu. Kesho yake kadi mia mbili zilichapwa, na maji yakishamwagika hayazoleki.

Siku mbili kabla ya sherehe nilikwenda kwake kuungama. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa chupa ya dawa nimtilie machoni. Baada ya dawa alitakiwa afumbe macho dakika kumi. Nikajiambia hapo ndipo pa kusema, sasa kwa kuwa hanioni. Dakika kumi zikaisha nikiwa nimemweleza juu ya mahema, vipaza sauti na mpangilio wa viti.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa. Bi Penseli alikaa mbele, gauni la kijani, penseli moja tu kichwani. Mgeni rasmi, mtu mrefu wa wizarani, aliiweka hotuba yake kando na kuigeukia sufuria. Alisema sufuria ile ni maisha yenyewe. Ukoko ni shida, na maji ni subira. Alisema mtu hawezi kuchora kitu kama kile mpaka awe ameishika brashi miaka sitini. Watu wakapiga makofi. Mkuu wa Chuo aliitikia kwa kichwa kama aliyeiloweka yeye.

Bi Penseli akaombwa atoe neno la shukrani. Mdogo wake alimshika mkono akasimama. Kipaza sauti alikikataa.

"Nashukuru," alisema. "Ile si yangu."

Mgeni rasmi alitabasamu, akawaeleza waliohudhuria kwamba huo ndio unyenyekevu wa wasanii wakubwa. Wanaamini kazi ni ya watu wote. Bi Penseli alimsubiri amalize.

"Si yangu. Ni ya huyu," akasema, akaichomoa penseli na kunielekezea. "Ilikuwa zamu yake ya vyombo. Kivuli cha bomba amekikosea."

Nilisimama. Penseli ile ikinielekea huwa nasimama. Nikasema ni kweli, nilijua tangu siku ya kwanza na nikanyamaza. Mgeni rasmi akauliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, je, ile subira? Nikamjibu kwamba yalikuwa maji tu. Mtu mmoja alicheka, naye alikuwa mdogo wake Bi Penseli.

Yaliyofuata Mkuu wa Chuo aliniambia kwenye korido, kwa kirefu, na nilistahili. Lakini niliporudi ndani nilikuta jambo. Watu, walipokosa pa kupigia makofi, walikuwa wamehamia kwenye zile picha nyingine na kuanza kuzitazama. Mbele ya mkunga aliyevua viatu palikuwa na wanawake sita, na wa saba alikuwa analia bila kelele. Bi Penseli alikuwa ameletewa kiti akakaa kando yao. Mmoja alimuuliza mkunga huyo alikuwa nani. Bi Penseli akasema ni mama yake mzazi.

Jioni niliwarudisha nyumbani kwa gari, yeye akiipakata sufuria. Hizo nyingine zilibaki chuoni, kwa kuwa cherehani ilikuwa imeshahamia stoo. Nilipoitundika picha jikoni nikamuuliza kwa nini aliitia hiyo fremu, na zake akaziacha chini ya kitanda.

"Mwanangu, kufundisha ni kuongeza na kuharibu," alisema. "Nilitaka kila nikichemsha chai nikumbuke ulikuja na nini, nisije nikakuharibia."

"Mbona hukuniambia, Mwalimu?"

"Ungechora sufuria mpaka leo."

Kisha akauliza siku hizi nachora nini. Nikamwambia ripoti. Hakucheka.

Jumatatu nilikwenda stoo ya idara kuomba rangi na brashi mbili. Mtunza stoo, mtu wa taratibu, alisema hatoi kitu bila fomu iliyosainiwa na mkuu wa idara. Nilirudi ofisini, nikaisaini, nikampelekea. Aliilinganisha saini na nyingine za faili zima, akaridhika.

Nilichora ndoo ya mfagizi. Ilinichukua wiki tatu, na haikuwa nzuri. Vidole vilikuwa vimeshazoea kalamu. Jumamosi ya nne niliibeba kwa Bi Penseli. Aliishika karibu na jicho lake linaloona, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu tena. Mdogo wake alikatiza kushona chumbani, akaja kusimama mlangoni asikie.

"Umekula?" Bi Penseli akaniuliza.

Nikamwambia bado. Akasema niiweke pale dirishani kwenye mwanga, niketi kwanza.