Walinzi Wawili wa Kompyuta ya Marehemu

Yakub alipozikwa, mkewe Sofia alibaki na watoto wawili, Madinah na mdogo wake, nyumba ya kupanga mtaa wa Mpumudde, na kompyuta iliyofunikwa kwa kitambaa cha meza. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na maneno ya bibi yake Yakub: jinsi wazee wao walivyokuja kutoka Sudan pamoja na jeshi, na nani alizikwa wapi njiani. Bibi mwenyewe alikwisha kufa. Yakub peke yake ndiye aliyemsikiliza mpaka mwisho, na mwaka ule wa 1998, kila alipopata nguvu, alikaa akayachapa huku akikohoa. Alisema akimaliza atayatoa kwenye karatasi. Kifo hakikumpa nafasi.

Jamaa wakakubaliana kwamba siku ya arobaini, baada ya khitma, maneno yale yasomwe mbele ya watoto. Shafik, mdogo wa marehemu, mwenye duka la kuchapa huko Mbale, angekuja na printa.

Kabla ya printa alikuja na disketi.

"Shemeji, Mbale kompyuta zinaumwa. Virusi vinaingia na disketi za watu, vinatafuna kazi yote."

Sofia aliinamisha macho. Neno hilo, virusi, halikuwa limetamkwa nyumbani mle tangu Yakub alipoanza kukonda. Shafik naye akalitambua, akashusha sauti.

"Programu hii ni mlinzi. Ikikuuliza kitu, wewe kubali tu. Na disketi nyingine yoyote isiingie humu mpaka nirudi."

Wiki ileile akaja Afande Bogere, aliyefanya kazi na Yakub kule kambi ya jeshi ya Kimaka. Sofia alikuwa amekaa eda, kwa hiyo mlango wa sebule uliachwa wazi. Bogere akatoa disketi kwenye mfuko wa shati. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Mama Madinah, mimi hapana na ng'ombe ya kuleta kwa msiba. Nimeleta hii. Askari ya kompyuta. Hii hapana sinzia kama wale ya geti yetu."

Sofia akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. "Afande, Shafik ameshaweka mmoja. Amesema disketi nyingine isiingie."

"Mmoja? Mali ya afande Yakub inalindwa na mtu mmoja?"

Angemkatalia vipi? Bogere ndiye aliyemshika Yakub mkono hospitalini, wakati wengine waliogopa hata kukalia kitanda chake. Shafik naye ni damu ya marehemu. Kurudisha disketi ya mmoja wao kulikuwa sawa na kumwambia rambirambi yake haitakiwi. Sofia akasogea, Bogere akaiweka.

Tangu siku hiyo kompyuta ikawa nzito. Kila ilipowashwa, maandishi mekundu yalijitokeza: pana kirusi, kisafishwe? Sofia alikubali kama alivyoagizwa. Punde yakaja maandishi ya rangi nyingine: pana kirusi, kisafishwe? Akakubali tena. Hakujua kwamba walinzi wale hawatambuani, kwamba kila mmoja alimwona mwenziwe ndiye mwizi, na kwamba yeye, kwa kidole chake, alikuwa akiwaruhusu wachinjane. Hata alifarijika. Aliona wanafanya kazi.

Siku ya arobaini Shafik alishuka na printa akiwa ameipakata kama mtoto mchanga. Akawasha kompyuta. Kioo kikabaki cheusi. Akaingiza disketi yake ya kuokolea, wapi. Bogere, aliyekuja na sukari ya khitma, akamsogeza kando akaingiza yake. Kila disketi ilipanga upya mambo kwa namna yake, ikivuruga yaliyopangwa na mwenzake. Mwishowe kompyuta iliwaka vizuri sana, na ndani hamna kitu.

"Nani aliweka hii nyingine?" Shafik akauliza.

"Mimi. Yako ilikuwa imelala."

"Afande, walinzi wawili, lindo moja, na hawajuani? Kosa hilo hata mimi raia nalijua."

"Wewe raia unajua kuchapa kadi ya harusi."

"Na wewe unajua kupiga saluti. Haya, ipigie hii maiti."

Wakatoka uani wakiendelea kubishana ni disketi ya nani iliyoua. Hakuna aliyegeuka kumtazama Sofia.

Khitma ilikwisha, chai ikanywewa, wazee wakamwita asome. Alikaa mkekani kati ya wanawe, mikono mitupu. Akaanza na yale aliyomsikia Yakub akiyasema kwa sauti huku akichapa: kijiji walichotoka, mto waliouvuka, na mtoto aliyezikwa ng'ambo ya mto huo, jina lake Rehan. Baada ya mto palikuwa na makaburi mengine, mengi, kila moja na jina la mwenyewe. Sehemu hiyo Yakub aliichapa kimyakimya, Sofia akiwa jikoni anampashia maji ya kuoga.

Akanyamaza. Watu wakadhani anapumzika, wakamsubiri.