Mkono wa Darasa la Nne

Siku ya kwanza ya muhula wa tatu, wanafunzi wa darasa la nne walipanga foleni nje ya mlango wakapimwa urefu. Ndiyo iliyokuwa desturi ya darasa hilo kila shule ilipofunguliwa. Mtoto alivua viatu, akaegemeza visigino kwenye mwimo wa mlango, akatazama mbele, na mstari wa chaki ukachorwa usawa wa utosi wake. Wafupi walikaa mbele na warefu nyuma, wanne wanne kwenye dawati la watu wawili, na hivyo hakuna aliyeweza kusema kwamba hakufahamu hesabu kwa kuwa hakuona ubao.

Aliyechora mistari hiyo ni msichana aliyeitwa Chaki. Kwenye cheti cha kuzaliwa aliandikwa vingine, lakini jina la shuleni lilikuwa limelimeza lile la nyumbani. Alipowamaliza wenzake wote, alivua viatu vyake naye, akasimama kwenye mwimo, akampa mdogo wake kipande cha chaki. Mdogo wake aliitwa Sisimizi, maana alizaliwa kiasi cha kutosha kwenye kiganja, na jina likamganda hata sasa ambapo alikuwa amemzidi dada yake kichwa kizima.

"Palepale," Sisimizi alisema.

"Pitisha tu juu yake. Usichimbe mbao."

Ulikuwa mstari wa sita mahali pamoja. Mbao pale ilianza kuingia ndani, kama kovu.

Tangu aliporudishwa darasa la nne kwa mara ya kwanza, Chaki hakuongezeka hata upana wa unywele. Mama yake, fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya shule ile, ndiye aliyeligundua jambo hilo kabla ya wengine. Kila mwaka alikuwa akifumua pindo la gauni la binti yake na kulishusha vidole viwili, na mwaka ule alifumua, akapima, akalishona tena lilivyokuwa. Alimpeleka zahanati. Daktari alimpima mapigo ya moyo, akamtazama ulimi, akasema mtoto ni mzima, hukua anapopanda darasa, na akamwandikia dawa ya minyoo.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinakua mwilini mwake, nacho ni mkono wa kulia. Kuanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole ulikuwa mkono wa mwanamke wa miaka arobaini, wenye mishipa iliyotuna, sugu kwenye kidole cha kati na ufa kwenye dole gumba ambao haukutoka vumbi la chaki hata ukisuguliwa kwa jiwe. Nyumbani Chaki alijifunza kula polepole, kwa sababu tonge la mkono ule lilikuwa kubwa kuliko kinywa chake. Watoto wengine walimwomba awafungulie chupa.

Mwaka wa kwanza alirudia kwa haki. Alikuwa na homa siku ya mtihani, akalala juu ya karatasi ya jiografia, na hakuna aliyebisha. Alipoanza upya, alikuta masomo yote anayajua. Darasa la nne lilikuwa na mikondo miwili, A na B, na mwalimu wa B alikuwa amestaafu. Ofisi ya elimu ilikuwa imeahidi mwingine. Mwalimu wa A, mama mpole mwenye sauti iliyokauka kwa kufundisha vyumba viwili kupitia ukuta mmoja, alimwita asubuhi moja akampa chaki.

"Mwanangu, hebu nishikie hao wa B. Naja sasa hivi."

Hiyo sasa hivi ilichukua mwaka mzima. Chaki alisimama juu ya kiti na kuwafundisha wa B kugawanya kwa njia ndefu. Aliita majina, akasahihisha madaftari, akawatenganisha waliokuwa wanafinyana. Mwishoni mwa mwaka alikuwa wa kwanza katika mikondo yote miwili, na ripoti yake ikasema arudie. Mwalimu alimweleza mama kwa upole kwamba mtoto bado ni mdogo, amtazame kimo chake mwenyewe, kule darasa la tano si watakuja kumkanyaga. Akaongeza kwamba mwakani lazima.

Mwakani ndio huu. Chaki na Sisimizi walikuwa wamekubaliana tangu muhula wa kwanza kwamba wakipanda watakaa dawati moja, lile la dirishani. Sisimizi alitaka kalamu ya wino, kwa kuwa hadi la nne watoto waliandika kwa penseli. Chaki alitaka mwezi. Siku moja mtoto wa la tano alipita na kitabu kimefunguka, naye akaona picha ya mwezi uliopatwa, na maelezo chini yake ambayo hakuwahi kuyasoma. Vitabu vya la nne alivijua mpaka kurasa zilizochanika na maneno yaliyokuwa kwenye vipande vilivyopotea. Alitamani, walau mara moja, kukaa kwenye dawati asikie jambo asilolijua.

Wiki ya tano alikuja mkaguzi. Alikuwa kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na fomu kwenye ubao wa kuandikia. Dirisha la B lilikuwa limebaki na kioo kimoja tu, cha juu kabisa, kwingine kumezibwa kwa mabati, na kupitia hapo aliuona mkono ukiandika ubaoni, mwandiko ulionyooka kama uliopigwa rula. Aliingia. Darasa zima likasimama. Mkaguzi aliutazama mkono, akautazama vizuri, akainamisha kichwa kidogo kama alivyolelewa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," Chaki akaitikia kwa niaba ya mkono. Kisha, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na zaidi kidogo, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu mkaguzi, na heshima ikawa imetimia pande zote.

Kwenye fomu palikuwa na mstari unaouliza walimu waliopo darasa la nne ni wangapi. Mkaguzi aliandika wawili. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliona namba hiyo ikiandikwa, lakini haikuwa adabu kumsahihisha mgeni mbele ya watoto.

Baada ya wiki tatu barua ilifika kutoka ofisi ya elimu. Ilisema kwamba ofisi imefurahi kusikia kuwa pengo la mkondo B limezibwa, na kwa hiyo shule imeondolewa kwenye orodha ya shule zenye upungufu. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akaibandika ukutani chini ya ratiba. Mwalimu wa A aliisoma akiwa amesimama, akarudi darasani akafundisha hadi sauti ikamwishia saa nne, na Chaki akamalizia.

Mama alikwenda kuonana na mwalimu mkuu Ijumaa ya wiki iliyofuata, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Mama, mtoto wako hana shida," mwalimu mkuu alimwambia. "Mimi namwona kila siku. Apande hata leo. Shida ni mkono."

"Mkono si ndio wake, mwalimu?"

"Ni wake, sikatai. Lakini uko kwenye orodha ya watumishi. Ukihama darasa bila barua ya uhamisho, nitakayeulizwa ni mimi."

"Basi hiyo barua tunaiomba wapi?"

"Ofisi ya elimu. Ila uhamisho huombwa na mtumishi mwenyewe, na mtumishi lazima awe ametimiza miaka kumi na minane."

Mama aliupitisha utepe kati ya vidole kama mtu anayehesabu.

"Na ndiyo hakui huyu," alisema.

"Ndiyo," mwalimu mkuu akakubali kwa huruma ya kweli. "Hilo nalo tumeliona."

Kisha akauliza kama sare za watoto wapya wa darasa la kwanza zitakuwa tayari shule ikifunguliwa. Mama alisema zitakuwa tayari.

Chaki hakukata tamaa. Mtihani wa mwisho aliufanya kwa penseli iliyochongwa pande zote mbili, na matokeo yalipobandikwa jina lake lilikuwa juu. Sisimizi alikuwa wa tisa, akaruka uwanjani mpaka kiatu kikamtoka. Mkono wa mtu haukatazi kichwa chake kufaulu, Sisimizi alisema, na Chaki alitaka sana maneno hayo yawe kweli.

Yalibaki mambo mawili, kujaza ripoti na kufunga shule. Mwalimu wa A alikuwa ameacha kujaza ripoti mwenyewe tangu muhula wa kwanza. Alimkabidhi Chaki karatasi ya alama, rundo la ripoti na kalamu yake ya wino, akaenda kulaza kichwa kidogo kwenye meza ya ofisini. Hakuna mzazi aliyewahi kulalamika. Wote waliujua mwandiko ule kuwa wa mwalimu, na ulikuwa wa mwalimu.

Jioni ile watoto walikuwa wameshaondoka. Sisimizi alisoma alama kwa sauti, Chaki akaandika. Palikuwa na nafasi ndogo chini, ya maoni, na hapo mkono uliandika *Amejitahidi, apande darasa la tano*, au *Apunguze mazungumzo, apande*, na kwa watoto kumi na mmoja uliandika *Arudie*. Kwa Sisimizi uliandika *Ana akili, apunguze kurukaruka, apande*. Sisimizi akasema hilo la kuruka lingeachwa, na wakacheka.

Ripoti ya mwisho ilikuwa ya Chaki mwenyewe.

"Andika upesi tuondoke," Sisimizi alisema. "Nina njaa mimi."

Chaki aliandika alama. Akaandika nafasi: wa kwanza. Akashusha kalamu kwenye maoni akiwa tayari na neno lake moja, na mkono ukaandika: *Mtoto mwenye bidii sana. Bado mdogo. Arudie.* Ukaweka nukta, ukapiga mstari, ukatia sahihi ya mwalimu na mkia wake ulivyozoea.

Wote wawili walitazama wino ukikauka.

"Si mimi," Chaki alisema.

"Najua."

Alijaribu kuurudisha mkono kwenye karatasi, nao ukafunika kalamu na kuilaza kando ya rundo, kama mwalimu aliyemaliza kazi ya siku. Basi Chaki akatoa penseli yake mfukoni, akaishika kwa mkono wa kushoto. Huo ulikuwa bado wa mtoto wa miaka kumi, na hakuna aliyewahi kuupa chaki. Aling'ata ulimi. Chini ya sahihi, kwa herufi zilizoinamiana kama watoto waliochoka foleni, aliandika: *Apande.* Ilimchukua muda mrefu kuliko ripoti tano za wenzake. Sisimizi alimshikia karatasi isisogee.

Asubuhi mwalimu wa A alizipitia ripoti akiwa na kikombe cha chai. Alipofika ya mwisho aliacha kunywa. Alimwita Chaki ofisini, akamkalisha karibu naye, akaiweka ripoti katikati yao.

"Ripoti haiwezi kuwa na miandiko miwili, mwanangu. Watasema imeghushiwa."

"Ule wa chini ndio wangu, mwalimu."

"Najua ni wako."

Alichukua kifutio. Wino haufutiki, penseli inafutika. Alifuta taratibu, herufi moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa mtu anayemfuta mtoto machozi, na Chaki akaona kwamba mkono wa kulia wa mwalimu, ule ulioshika kifutio, ulikuwa mdogo na mwororo, hauna ufa wala sugu. Ungetosha kabisa kwenye mkono wa gauni la sare. Mwalimu alipuliza vumbi la kifutio, akalitazama likitua mezani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwakani lazima," alisema, na ilionekana wazi kwamba anaamini.

Likizo yote mama alishona sare. Gauni la Sisimizi alilishusha pindo vidole vitatu. Gauni la Chaki hakuligusa pindo. Alifumua mkono wa kulia tu, akauongezea kitambaa mwishoni na kifungo kikubwa, ili upite bila kubana. Alipima kwanza, kisha akaushika ule mkono akakaa nao mapajani kwa muda, akiukanda mahali palipo na ufa. Haukuwa mdogo kuliko wake.

Siku ya kufungua shule dada hao walitembea pamoja hadi getini. Sisimizi alikuwa na kalamu ya wino sikioni. Njiani mama mmoja aliwauliza yupi mkubwa, na Sisimizi, kufupisha maneno, akasema ni yeye. Baadaye akaomba radhi.

"Nikifika kwenye ule mwezi nitakueleza," alisema. "Neno kwa neno."

"Usinieleze," Chaki akamjibu. "Niachie. Nitakuja kuusikia mwenyewe."

Sisimizi alivuka uwanja kwenda la tano. Nje ya darasa la nne watoto wapya walikuwa wameshavua viatu. Chaki aliwapima mmoja mmoja, akiwasukuma videvu juu, akimwambia huyu asisimamie vidole na yule anyooshe magoti. Watoto wa B walikuwa hamsini na wanane. Alipomaliza alisimama kwenye mwimo, akampa chaki msichana wa nyuma kabisa, aliyekuwa na kimo cha kufikia.

"Nichore wapi?" msichana aliuliza. "Hapa pana shimo."

"Hapohapo."

Waliingia. Kila mmoja alikaa mahali pa urefu wake. Chaki alipanda juu ya kiti, na watoto hamsini na wanane wakasimama kwa kishindo kimoja, wakamwamkia. Aliwatazama, akatazama dirisha na kioo chake kimoja.

"Marahaba," alisema. "Kaeni."

Nyuma yake mkono ulikuwa umeshaanza kuandika tarehe.